Mwanamke Mrefu wa Mtoni

Lukozi, Lushoto
12 Machi 1972

Kwa mpwa wangu Yunis,

Pokea salamu, na uzipokee kwa mikono miwili maana ni nyingi, nimezifunga vizuri zisimwagike kwenye kona za Soni. Mimi mjomba wako ni mzima kama mwamba. Bibi yako yupo, meno yamekwisha yote na macho yanaona vivuli tu, lakini masikio yake yanasikia hata kuku akiwaza. Mkazamjomba wako Klara naye ni mzima, anakusalimu. Siku hizi kila jioni kashika chaki, anawafundisha wenzake kusoma pale ghalani, ungedhani ndiye mwalimu mkuu. Mimi namwachia tu. Mwanamke naye apate pa kuchezea.

Kabichi mwaka huu zimekubali. Nimevuna moja, Yunis, sikudanganyi, wanaume wawili waliiviringisha mpaka barabarani, na dereva wa lori akaitazama akasema, "Balozi, hii ikae mbele na mimi, nyuma itawaumiza abiria." Ndiyo, siku hizi naitwa Balozi. Nyumba kumi ziko mkononi mwangu. Nikipita na beji yangu ya TANU kwenye lile koti langu la vita vya Burma, hata mbwa wanakaa vizuri.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha na kalamu. Mume wako Danieli ameniandikia kwa taipureta ya stesheni, herufi zimesimama kama askari. Anasema umechaguliwa kwenda kusoma ukunga wa juu Dar es Salaam, mwaka mzima, na wewe unataka kwenda. Anasema yeye hawezi kubaki na watoto wawili na jiko. Anasema mimi ndiye mjomba, mbuzi wa mjomba katika mahari yako nilimla mimi, kwa hiyo neno langu ndilo litakaloamua. Kweli mbuzi nilimla, sikatai. Alikuwa na mafuta.

Yunis mwanangu, mimi nina miaka ishirini na minne katika ndoa na nyumba yangu naiendesha kwa kikohozi. Nikikohoa mara moja, maji ya kunawa yanakuja. Nikikohoa mara mbili, chakula. Mara tatu sijawahi kufika. Ndivyo nyumba inavyotakiwa kuwa. Ukienda Dar, Danieli akikohoa, nani atakuja?

Mkumbuke mama yako. Dada yangu Yudith alikuwa mwanamke hasa. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukishuka naye mpaka gulio la Magoma, siku mbili njiani, tumebeba magimbi na maharage, tunarudi na chumvi na samaki wakavu. Msituni chui alikuwa akitufuata huku anahema kama mtu mwenye mafua, na mimi nilibeba mzigo wangu na wa mama yako juu yake, nikamkaripia chui yule mpaka akaona haya. Mama yako alikuwa akiimba njia nzima. Sijawahi kusikia akilalamika. Si kwa kuni, si kwa maji, si kwa jambo lolote. Nikisikia moshi wa kuni za muwati mpaka leo namwona ameinama, anapuliza moto, kitambaa cheupe kichwani.

Neno la mwisho sijalitoa, lakini unaona linakoelekea.

Ni mimi mjomba wako,
Fanueli Shechambo, Balozi

*

Korogwe
26 Machi 1972

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie bibi shikamoo yangu, na mkazamjomba pia. Sisi huku tu wazima. Secilia ameanza darasa la kwanza na amekwisha jua kuandika jina lake, analiandika kila mahali, hata kwenye unga. Yohane mdogo anakohoa kidogo, si cha kutisha. Danieli yu mzima, kazi ya stesheni inaendelea. Joto la hapa unalijua, naukumbuka ule ukungu wa Lukozi unaoingia ndani bila hodi, nautamani kama maji ya kunywa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sitajibizana na wewe, mjomba. Nitakueleza siku yangu moja tu, halafu wewe mwenyewe uamue.

Naamka saa kumi na moja. Nawasha jiko la mkaa, nachemsha maji ya Danieli ya kuoga, napika uji, nawaandaa watoto, namfunga Secilia viatu. Saa moja niko wodini. Siku moja juma lililopita nilizalisha wanawake wanne, mmoja mapacha, wa pili mtoto wake alitanguliza miguu. Nilisimama saa tisa bila kukaa. Wote wazima. Nikarudi nyumbani saa kumi na mbili jioni nikamkuta mume wangu amekaa kibarazani na gazeti, watoto wanalia njaa, gunia la unga limesimama ndani limejaa. Nikamwuliza, "Baba Secilia, kwa nini watoto hawajala?" Akasema, "Tulikuwa tunakusubiri." Hakusema kwa ubaya. Danieli si mtu mbaya, mjomba. Hanipigi, hanywi, mshahara analeta nyumbani. Ila anasema wenzake wa stesheni wakimwona na mwiko watamcheka mpaka astaafu.

Yule mwanamke ambaye mtoto wake alitanguliza miguu, ningekuwa sijui lile jambo moja alilonifundisha sista mmoja mzee, angekufa mkononi mwangu. Yako mengi nisiyoyajua. Ndiyo maana nataka kwenda. Jibu langu linatakiwa ofisini kabla ya tarehe thelathini Juni. Likipita hapo, nafasi anapewa mwingine, na aliyeikosa mwaka huu hachaguliwi tena. Danieli amesema kama mjomba atasema ndiyo, naye hatazuia. Kama mjomba atasema hapana, na mimi nikaenda, vitu vyangu nitavikuta vimefungwa.

Na moja la kuuliza. Umemtaja mama. Mama alikuwa anasoma Biblia bila kukosea hata neno, lakini aliniambia shule aliiacha akiwa msichana. Kila nilipomwuliza kwa nini, alikuwa akicheka anasema, "Muulize Fanueli." Alikufa bila kunieleza. Basi nakuuliza.

Mpwa wako,
Yunis

*

Lukozi, Lushoto
2 Mei 1972

Mpwa wangu Yunis,

Nianze kwa kukuondoa wasiwasi: sijafa. Barua imechelewa kwa sababu ya kazi za serikali. Bibi yako anakula vizuri, amenenepa. Mimi mwenyewe nimepungua kidogo, lakini ni kwa kupenda. Wote humu ndani ni wazima. Doa unaloliona kwenye kona ya karatasi ni mvua.

Nikueleze kwanza habari iliyoishika Lukozi nzima. Kuna mwanamke mgeni. Mrefu! Anatokea mtoni alfajiri, ukungu bado umelala, amejifunika khanga mbili, moja kichwani mpaka puani, nyingine chini, anachota maji na debe, anapanda kilima mbio kama swala, haamkii mtu wala haitikii. Akinamama wamemwamkia kwa Kishambaa, "Onga makeo!" Kimya. Wengine wanasema ni mzimu wa msitu wa Shume. Hamisi mwenye duka, jirani yangu, ndiye aliyemwona karibu zaidi. Akaja kwangu na mkutano mzima nyuma yake.

"Balozi," akasema, "yule mwanamke ana miguu kama majembe. Na anakohoa."

"Anakohoaje?" nikamwuliza.

"Anakohoa kama mtu mzima anayedai chakula."

Watu wakanitazama. Nikasimama, nikawaambia jambo hili ni zito, liachwe mikononi mwangu, mimi niliyemkaripia chui sitashindwa na mwanamke mmoja. Wakanikabidhi kazi ya kumkamata. Nimelala kwenye majani ya mtoni asubuhi sita, Yunis, silaha mkononi. Siku ya nne tulikabiliana ana kwa ana. Alikuwa na nguvu za wanaume watatu. Alinitazama, nikamtazama, akaona huyu si mtu wa kuchezewa, akapotelea kwenye ukungu. Tangu hapo watoto wanaogopa kwenda mtoni mapema, nami nasifiwa kila kona.

Sasa, Hamisi huyohuyo ana shida. Mke wake Mwanaidi amesafiri, na yeye amebaki anahangaika, naye kwa kuwa mpwa wangu ni mtu wa hospitali, ameniomba nikuulize. La kwanza: ugali wa watu wawili, maji vikombe vingapi? Maana yeye anasema unakuwa uji, anaongeza unga, unakuwa tofali, anaongeza maji, mwisho unatosha watu kumi na hauliki na yeyote. La pili: maharage anayachemsha toka asubuhi mpaka jioni, yanapasuka ngozi lakini ndani jiwe. Kosa liko wapi? La tatu: mwanamke mzee asiye na meno apewe nini zaidi ya uji, maana uji ameuchoka na anausema. La nne: moshi ukiingia machoni unatoka lini? Mjibu haraka, maskini, hali yake si nzuri.

Kuhusu jambo lako bado nalifikiria. Jambo la mwaka mzima halifikiriwi kwa siku moja.

Na lile la shule ya mama yako ni la zamani sana, karatasi imekwisha.

Mjomba wako,
F. Shechambo, Balozi

*

Korogwe
10 Mei 1972

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta natoka kazini, nikaisoma nimesimama mlangoni, nikacheka mpaka Secilia akaja kunishika mkono akidhani nalia. Danieli akauliza kuna nini. Nikamwambia mjomba anapambana na mzimu.

Mjomba, kwenye barua yako umesema wote humo ndani ni wazima, lakini mkazamjomba hukumtaja kwa jina, wala salamu zake hazikuja. Nikaona nikutoe mzigo. Mkazamjomba Klara alilala kwangu usiku mmoja katikati ya Aprili. Alishuka na basi mpaka hapa, kesho yake akapanda gari la moshi kwenda Tanga, kwenye mafunzo ya walimu wa elimu ya watu wazima. Miezi miwili. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Mjomba, hukuwahi kumwona mkeo alivyokuwa anaitazama ile treni. Alisema kijiji kilimchagua kwa mikono yote, na wako ukiwa wa kwanza kunyooka maana wewe ndiye Balozi na watu wote walikuwa wanakutazama. Alisema pia ulipofika nyumbani hukusema neno siku tatu. Na alikuachia khanga zake mbili za kazi, msumarini, karibu na mlango.

Mwanaidi mke wa Hamisi, mkazamjomba anasema hajatoka Lukozi tangu siku ya Uhuru.

Majibu ya huyo rafiki yako ni haya. Maji vikombe vitatu, yachemke kwanza. Unga usiingie wote mara moja. Utie kidogo, koroga, uache upige mapovu kama uji mzito, ndipo uongeze mwingine, usonge kwa nguvu za mkono, si za hasira. Maharage ayaloweke toka jana yake, na chumvi iingie mwishoni. Chumvi ikiingia mwanzo, yatakaa mawe mpaka Krismasi. Bibi mpondee viazi na maziwa, au ndizi mbivu, au magimbi yaliyochemshwa mpaka yakayeyuka. Siku moja moja yai. Moshi hautoki machoni, mjomba. Unauzoea. Mimi nimeuzoea toka nina miaka sita.

Na yule mwanamke wa mtoni, ukimkamata, mwambie baridi ya alfajiri ya Lukozi si ya mchezo, na kama anakohoa hivyo avae kitu kizito kifuani. Kuna koti moja la kijani, eti la Burma, ninalolijua lingemfaa. Mama aliniambia lilinunuliwa mnadani Mombo.

Nimekutania, unisamehe, wewe ndiye baba niliyebakiwa naye. Lakini siku zinakwenda. Jana mkuu wangu ameniuliza tena. Danieli kila siku anawaambia watoto, "Tumngoje mjomba." Wote tunakungoja wewe. Ukisema hapana, sitakwenda, maana siwezi kuvunja nyumba yangu. Ila na mimi nitabaki hapa nikijua nilichokosa.

Na lile la mama bado sijajibiwa. Natuma karatasi nne ndani ya bahasha, isije ikakwisha.

Yunis

*

Lukozi, Lushoto
4 Juni 1972

Mwanangu Yunis,

Salamu. Bibi yako ni mzima. Mkazamjomba wako yuko Tanga, ni mzima, ameniletea postikadi yenye picha ya bandari, na nyuma ameandika mwenyewe, mistari miwili. Nimeibandika ukutani.

Karatasi zako nne nimeziweka mezani siku kumi na tisa. Nikikaa, nasimama. Leo nimekaa.

Vikombe vitatu ni kweli. Chumvi mwishoni ni kweli. Rafiki yangu anashukuru.

Nikueleze lililonitokea Jumapili iliyopita. Nimetoka mtoni alfajiri, nimevaa zile khanga za Klara kama ulivyokwisha kujua na sasa sina haja ya kuzunguka. Mwanamume wa Lukozi hajawahi kuonekana na ngata kichwani toka milima hii iwekwe hapa, na mimi ni Balozi, ningefanyaje? Nikaingia jikoni, nikatua debe, nikainama kuupuliza moto, kuni mbichi, moshi umejaa. Nikaponda magimbi, nikamletea bibi yako, nikamlisha kwa kijiko. Yeye anaona vivuli tu. Aliona khanga, aliona mtu ameinama. Akanishika shavu kwa mkono wake ule mkavu, akasema, "Yudith. Umerudi mtoni?"

Nikajaza kijiko tena.

Akasema, "Yudith mwanangu, yule mwalimu wa misheni amekuja tena? Wamekuruhusu uende?"

Yunis, mimi nimewasimulia watu juu ya chui, na Burma, na kabichi. Maneno hayajawahi kunikimbia. Siku ile yalinikimbia.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu, hata Klara. Mama yako alikuwa darasa la nne, mimi darasa la kwanza. Alikuwa anasoma kuliko wavulana wote. Alikuwa akikoroga sufuria kwa mkono huu na kitabu kakishika kwa mkono huu, na ugali hauungui. Hesabu zangu alizifanya yeye, nami nikapata vema. Akaja mwalimu wa misheni, akakaa na baba, akasema huyu binti apelekwe akasome, afundishwe kuuguza wagonjwa, misheni itamlea. Baba alikuwa karibu kukubali. Nilimwona, alikuwa anajikuna kidevu kama anavyojikuna akikubali jambo. Kisha akageuka kunitazama mimi niliyekuwa mdogo wa mwisho, akaniuliza kwa mzaha tu, "Fanueli, mama yako anashinda shamba la bondeni. Dada yako akienda, nani atakupikia?"

Nikalia. Nilijilaza chini nikashika mguu wa Yudith nikasema asiende, asiende, nitakufa njaa. Siku mbili nikakataa kula. Mwalimu aliporudi kuchukua jibu, baba akamwambia, "Unaona mtoto alivyo." Mwalimu akaondoka. Yudith akaingia jikoni, akapika, akaniletea, akasema, "Kula sasa." Nikala.

Hilo ndilo jambo. Nilisema mama yako halalamiki. Hakulalamika. Mimi nikaona ni kwa sababu hana la kulalamikia.

Na safari ya Magoma, mzigo wangu alibeba yeye. Wake kichwani, wangu mgongoni, na mimi amenishika mkono. Chui hatukumwona. Tulisikia kitu kinahema, mimi nikajificha nyuma ya sketi yake, naye akaimba kwa sauti mpaka kikaondoka. Ndiyo maana alikuwa akiimba.

Nilikuwa mtoto, utasema. Ni kweli. Lakini mwaka jana nilipokuwa mkutanoni nikasema usawa ndiyo msingi wa Ujamaa, akinamama wakapiga vigelegele, nikarudi nyumbani nikakohoa. Mtoto yule hakuondoka. Alivaa koti tu. Na toka Klara aende nimekohoa mpaka kifua kikauma, hakuna kilichokuja.

Basi Jumapili ile bibi yako bado amenishika shavu, anangoja. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Wameniruhusu niende." Akacheka na ufizi wote. Akala bakuli zima. Hajawahi kumaliza bakuli toka Klara aondoke.

Kesho yake niliamka jua limekwisha toka, saa tatu, gulio limejaa. Nikavaa koti langu, la mnada wa Mombo, na beji. Nikasokota ngata, nikaiweka kichwani, nikabeba debe, nikashuka mtoni njia ya katikati. Watu waliacha kupima maharage. Hamisi akatoka dukani, mkono kiunoni.

"Balozi! Vipi?"

"Nimemkamata," nikamwambia.

"Nani?"

"Yule mwanamke mrefu. Ndiye huyu."

Akatazama miguu yangu. Akaanza kucheka mpaka akakaa kwenye gunia la chumvi, na Lukozi nzima ikacheka naye, nami nikapita katikati ya kicheko hicho nikienda na nikirudi, maji yananichuruzikia shingoni maana kichwa cha mwanamume hakikufundishwa. Mwanaidi alinifuata akaniambia, "Balozi, ngata yako imekaa vibaya," akaitengeneza. Sikufa. Nimeandika hili ulione: sikufa. Jana Hamisi mwenyewe amenong'ona kuniuliza maji vikombe vingapi.

Danieli nimemwandikia kwa mkono, barua yake iko ndani ya bahasha hii, haikufungwa, isome umpe. Nimemwambia: "Mkwe wangu, mbuzi nilimla na hatapatikana tena, lakini ukimtaka nitakupa wawili. Yunis anakwenda. Kuhusu wenzako wa stesheni, mimi nimechekwa na gulio zima na bado naitwa Balozi. Klara akirudi, akikaa na bibi, nitashuka mimi mwenyewe nikae na wewe mpaka mkono wako uzoee."

Peleka jibu lako ofisini. Usingoje tarehe thelathini.

Ni mimi,
Fanueli

*

Korogwe
20 Agosti 1972

Mpwa wangu Yunis, mwanafunzi,

Pokea salamu kutoka mezani kwako mwenyewe. Naandika hapa, taa yako naitumia, kiti chako kinalia nikikaa, nitakitengeneza. Secilia na Yohane ni wazima, wamenenepa, na si uongo wangu, wapime ukirudi likizo Desemba. Barua yako ya chuoni tumeisoma sote, nami nimeisoma tena kwa Danieli alipokuwa anamenya viazi. Hapo uliposema wanawake wa darasa lako wanasoma mpaka taa inazimwa, akaacha kumenya kidogo. Kisha akachukua kiazi kingine.

Sasa mimi ndiye mpishi mkuu wa Korogwe yote. Wahindi wa dukani wananusa ugali wangu wanafunga maduka. Hii punguza kidogo, lakini si sana.

Juma la kwanza mkwe wangu aliunguza sufuria mbili. Secilia akamwambia, "Baba, unga usiingie wote mara moja," akamsimamia mpaka ukaiva. Juma la pili nikasikia mlango, bado giza. Nikatoka nikamkuta Danieli uani, ndoo mkononi, amejifunika khanga yako ile ya njano mpaka puani, anajiandaa kwenda bombani kabla watu hawajaamka.

Yunis, nilishika nguzo ya nyumba nisianguke kwa kicheko.

"Mjomba, nyamaza," akaninong'oneza, "utaamsha majirani."

"Mkwe," nikamwambia, "vua. Safari hii nimekwisha kwenda mimi, najua inakofika. Na miguu yako wataijua tu."

Akaitazama miguu yake. Kisha akavua, akaikunja vizuri, akairudisha msumarini. Tukakaa tukanywa chai, tukangoja kuche. Saa moja na nusu, wenzake wa stesheni wakipita na baiskeli, akatoka na ndoo. Wakampigia kengele njia nzima. Akarudi shingo yote imelowa. Nikamtengenezea ngata.

Mimi napanda Lukozi Jumamosi, maana hapa sasa wananiona mzigo. Klara ameniandikia. Ukurasa mzima, mpwa wangu, kwa mkono wake, herufi kubwa kama mayai ya bata. Anasema niache kukaa kwa watu, nirudi nikalime. Anasema pia nikirudi zamu ya maji ni yangu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ameandika ukutani kwa chaki. Nilikohoa nilipoisoma, kwa mazoea tu.

Anasema bibi yako kila asubuhi anauliza, "Yudith yuko wapi?" Nao wanamjibu yuko shule. Anauliza tena kama kweli aliruhusiwa. Wanamwambia ndiyo. Basi anatulia, anakula.

Mimi nimewadanganya watu wengi, Yunis, na wewe umo. Hili moja nimemwambia mama yangu, na limebaki mikononi mwako. Soma, mwanangu. Usinifanye mwongo.

Mjomba wako,
Fanueli